Kutoka Kitochi hadi Simu Janja: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Utangulizi

Simu ya mkononi yenye vitufe, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la "kitochi" kwa sababu ya taa ndogo iliyo kichwani mwake, imefanya kazi kubwa katika nchi yetu. Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania mwaka 1994 katika jiji la Dar es Salaam, na baadaye ikasambaa hatua kwa hatua hadi vijijini. Leo, katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kitochi kimo mfukoni mwa mkulima wa pamba wa Kishapu, mfugaji wa Msalala, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu na mama muuza nafaka wa Kahama. Kwa chombo hicho hupiga simu, hutuma ujumbe na kupokea fedha.

Hata hivyo, wengi wa watu hao sasa wanafikiria kununua simu janja kwa mara ya kwanza. Sababu zao si za anasa. Mwalimu wa serikali huomba likizo au uhamisho kwa njia ya mfumo wa ESS wa Utumishi, ambao hufunguliwa kwa intaneti. Mchimbaji mdogo, tangu soko la madini la Geita lilipozinduliwa Machi 2019, ana haja ya kujua bei ya dhahabu kabla hajafunga safari. Mzazi hutaka kuyasoma matokeo ya mtihani wa mwanawe bila kumtegemea mtu wa pili.

Gharama ya uamuzi huu si ndogo. Simu janja ya daraja la chini yaweza kulingana na bei ya mbuzi wawili au watatu, na anayekosea kuchagua hana fedha ya kurudia. Wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini nyumbani mara nyingi wao ndio huulizwa, "Mwanangu, ninunue ipi?" Shabaha ya makala hii ni kumwezesha mwanafunzi, na mwalimu wake, kulijibu swali hilo kwa kutumia fizikia, kemia na hisabati anazojifunza darasani.

Tofauti ya vyombo hivi viwili

Kitochi ni chombo kilichoundwa kwa kazi chache zilizopangwa tangu kiwandani. Simu iliyopata umaarufu kuliko zote za namna hii, Nokia 1100, ilitolewa mwaka 2003 na kuuzwa kwa wingi unaokadiriwa kufikia milioni 250 duniani kote. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja ili kuzuia vumbi, na taa yake ilimfaa mtu anayeishi mahali pasipo na umeme.

Simu janja, kwa upande mwingine, ni kompyuta ndogo ambayo pia hupiga simu. Kazi zake hazikupangwa zote kiwandani. Mwenye simu huziongeza mwenyewe kwa kupakua programu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo. Kompyuta hiyo hutaka mambo manne kwa wakati mmoja: mtandao wa kuleta habari, umeme wa kuiendesha, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na programu zinazoendelea kutunzwa na waliozitengeneza.

Mambo hayo manne ni kama pete za mnyororo. Mnyororo hukatikia kwenye pete iliyo dhaifu, hata kama pete nyingine ni za chuma kinene. Hivyo basi, kanuni yetu katika makala hii ni moja: mnunuzi asianze kwa kuuliza simu ipi ni nzuri, bali aulize ni pete ipi iliyo dhaifu mahali anapoishi, kisha fedha yake ailekeze hapo.

Pete ya kwanza: Mtandao

Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio. Teknolojia ya mawimbi hayo hugawanywa kwa vizazi: kizazi cha pili (2G), cha tatu (3G), cha nne (4G) na cha tano (5G). Kitochi cha kawaida hutumia 2G, teknolojia ambayo ilianza kutumiwa nchini Finland mwaka 1991 kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi.

Ili kuona tofauti ya vizazi hivi, tuchukue mfano. Ujumbe mfupi mmoja una nafasi ya herufi 160. Kila herufi huandikwa kwa biti 7, yaani jumla ni biti 1,120, ambazo ni sawa na baiti 140. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na baiti 2,000,000. Tukigawa, tutaona kwamba picha hiyo moja ina uzito wa jumbe fupi zaidi ya 14,000. Katika mtandao wa 2G unaopitisha biti 40,000 kwa sekunde, picha hiyo yenye biti 16,000,000 itachukua sekunde 400, karibu dakika saba. Katika mtandao wa 4G unaopitisha biti milioni 10 kwa sekunde, itachukua chini ya sekunde mbili.

Kutokana na hesabu hiyo ni dhahiri kwamba simu janja iliyoko kwenye kijiji chenye 2G peke yake itafanya kazi za kitochi kwa bei ya simu janja. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mnunuzi aazime simu janja ya jirani au ya mgeni, aiwashe nyumbani kwake, si mjini, na kutazama alama iliyo juu ya kioo. Akiona "E" au "2G", mnara ulio karibu bado ni wa kizazi cha pili. Akiona "H" au "3G", picha na maandishi vitapita. Akiona "4G" au "LTE", basi pete hii ni imara. Afanye hivyo kwa laini za kampuni zaidi ya moja, kwani kampuni inayosikika vizuri Shinyanga mjini huenda si ile inayosikika Kakola au Rwamgasa.

Kwa nini mtandao hutofautiana hata kwa umbali mdogo? Jibu limo katika urefu wa wimbi. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawa mwendo wa mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mitetemo. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la megahezi 1,800 lina urefu wa sentimita 17 hivi. Kwa kawaida, mawimbi marefu hufika mbali zaidi na hupenya kuta na miti vizuri zaidi. Mawimbi mafupi hubeba habari nyingi kwa sababu nafasi iliyotengwa kwa ajili yake ni pana zaidi, lakini huchoka upesi. Majabali makubwa ya Usukumani nayo huzuia mawimbi. Mtu aliye nyuma ya jabali huenda asipate kitu, ilhali mwenzake aliye juu yake anaongea bila taabu. Na ndani ya duara la dhahabu, mita nyingi chini ya ardhi, hakuna simu itakayoshika, iwe ya bei gani.

Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida, na mwaka 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini ilitiwa sahihi. Kwa sababu hiyo mtu aliye kwenye 2G leo asikate tamaa. Lakini anunue kwa kuutazama mnara uliopo, na si ule unaotarajiwa.

Pete ya pili: Umeme

Jambo linalowashangaza wengi wanaotoka kwenye kitochi ni kwamba simu mpya, yenye betri kubwa zaidi, huzima mapema zaidi. Hesabu ndogo italieleza jambo hilo.

Betri ya kitochi huandikwa mAh 1,000, yaani ampea 1 kwa muda wa saa moja, kwa volti 3.7. Nishati yake ni 1 mara 3.7, sawa na wati-saa 3.7. Kitochi kikikaa na chaji siku sita, yaani saa 144, basi kwa wastani kimetumia wati 0.026 tu. Betri ya simu janja huandikwa mAh 5,000 kwa volti 3.85, nishati yake ni wati-saa 19 na ushei. Ikitumika siku moja tu, yaani saa 24, wastani wake ni wati 0.8. Kwa hiyo simu janja hutumia nishati mara thelathini hivi kuliko kitochi, ilhali betri yake ni kubwa mara tano tu. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda kwenye mwanga wa kioo na kwenye kutafuta mtandao. Mahali ambapo mnara uko mbali, simu huongeza nguvu ya kutangaza, nayo betri huisha upesi zaidi.

Tuone maana yake kwa familia inayotumia umeme wa jua. Paneli ya wati 10, ikipata jua linalolingana na saa tano za jua kali, itatoa wati-saa 50. Tukikadiria kwamba nusu yake hupotea katika nyaya, vumbi, joto na chaja, zitabaki wati-saa 25. Kiasi hicho kitajaza vitochi sita, lakini simu janja moja tu. Mtu anayelipia chaji kwenye kibanda cha gulioni naye apige hesabu: aliyekuwa akilipa mara moja kwa wiki sasa atalipa kila siku au kila siku mbili.

Betri za simu hizi ni za lithiamu. Zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya kuziunda. Adui mkubwa wa betri hizo ni joto. Simu iliyoachwa juani, juu ya bati, au kwenye dashibodi ya gari huzeeka haraka kwa sababu kemikali zilizomo huungana na kuharibika kwa kasi. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa, maana yaweza kuwaka. Zamani mwenye kitochi aliitoa betri mwenyewe na kununua nyingine dukani. Simu janja nyingi za leo zimefungwa, na kubadilisha betri ni kazi ya fundi. Mnunuzi aulize mapema kama betri ya simu anayoitaka hupatikana Kahama au Geita.

Pete ya tatu: Kumbukumbu

Wauzaji hutaja namba mbili mfululizo, mathalani "mbili kwa thelathini na mbili" au "nne kwa sitini na nne". Wanunuzi wengi huzisikia bila kuzielewa.

Namba ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM. Namba ya pili ni hifadhi. Tuzifananishe na ofisi ya mwalimu. Hifadhi ni kabati: humo hukaa vitabu na madaftari yote hata ofisi ikifungwa. Kumbukumbu ya kazi ni meza: juu yake huwekwa yale tu yanayofanyiwa kazi kwa sasa, na jioni hufutwa yote. Mwalimu mwenye kabati kubwa na meza ndogo atapoteza muda wake akitoa daftari moja na kurudisha jingine. Ndivyo simu yenye RAM ndogo inavyokwama, hata kama hifadhi yake ni kubwa.

Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitoa toleo jepesi la mfumo wa Android, liitwalo Go, kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu. Lakini programu ziliendelea kuwa nzito, na toleo la Go la mwaka 2022 likataka gigabaiti 2 kwa uchache. Hivyo, mtu anayenunua simu anayotaka idumu miaka mitatu au minne asishuke chini ya gigabaiti 2, na akiweza afike 3 au 4.

Kuhusu hifadhi, ikumbukwe kwamba si gigabaiti zote zilizoandikwa kwenye boksi ni za mnunuzi. Mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu kubwa. Katika simu ya gigabaiti 16, nafasi inayobaki huenda isitoshe hata picha na sauti za makundi ya WhatsApp za miezi michache. Kadi ya kuongeza hifadhi husaidia kwa picha na muziki, lakini haiongezi meza. Kabati la pili si meza ya pili.

Pete ya nne: Uhai wa programu

Kitochi hakizeeki kwa sababu ya programu. Kilichonunuliwa zamani bado kitapiga simu leo mradi mnara wa 2G upo. Simu janja yaweza kuwa nzima, kioo kizima na betri nzima, lakini ikakosa kazi kwa sababu programu zake zimeachwa.

Upo mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilianza kuuza simu ya vitufe yenye intaneti, iliyoitwa Smart Kitochi, ikitumia mfumo wa KaiOS. Ilikuwa daraja zuri kati ya vyombo viwili: vitufe vilivyozoeleka, pamoja na WhatsApp. Lakini katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa kwenye mfumo wa KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 huduma hiyo ikakoma. Vile vile, Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android toleo la 4.4 na yaliyo chini yake.

Funzo ni hili: simu ya mtumba yenye bei nafuu na umbo la kuvutia yaweza kuwa imebakiza muda mfupi wa uhai. Mnunuzi afungue sehemu ya mipangilio, atafute maneno "Kuhusu simu", na kusoma toleo la Android pamoja na tarehe ya marekebisho ya usalama. Kadiri tarehe hiyo inavyokuwa ya zamani, ndivyo simu inavyokaribia mwisho wake, na ndivyo matundu ya kupitia wezi wa mtandaoni yanavyozidi kuachwa wazi.

Namba ya utambulisho na hisabati yake

Kila simu halali ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Huonekana kwa kubonyeza *#06#, na simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Tarakimu nane za mwanzo huonyesha aina ya simu, sita zinazofuata ni namba ya simu yenyewe, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zote bandia zilizokuwa kwenye mitandao ya nchi, na wenye simu hizo wakapata hasara bila fidia.

Tarakimu ya ukaguzi hutafutwa kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Tuchukue mfano wa namba 490154203237518. Weka kando tarakimu ya mwisho, 8. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na nne. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Tarakimu hizo ni 9, 1, 4, 0, 2, 7 na 1. Baada ya kuzidishwa zinakuwa 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, ambazo jumla yake ni 30. Tarakimu zisizozidishwa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22. Zote pamoja ni 52. Ili kufikia kumi inayofuata, yaani 60, inahitajika 8. Ndiyo tarakimu tuliyoiweka kando. Kwa hiyo namba imepangwa sawasawa.

Tahadhari yahitajika hapa. Hesabu hii yaweza kuthibitisha kwamba namba imekosewa, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba simu ni halisi, maana mghushi anaweza kunakili namba ya simu nyingine. Kwa hiyo mnunuzi alinganishe namba inayoonekana kwenye kioo, iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye risiti. Zikitofautiana, aiache simu hiyo dukani.

Vumbi, maji na mikono ya kazi

Kioo cha simu janja hutambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kikigusa, hubadilisha chaji ndogo iliyotandazwa chini ya kioo, na simu hupima mahali palipobadilika. Ndiyo maana kioo hukataa kidole kilichovikwa glavu nene, na huchanganyikiwa kikiwa na matone ya maji. Mchimbaji atokaye duarani na matope mikononi, au afanyaye kazi kwenye mialo na makarasha, ataona taabu ambayo vitufe havikumpa.

Simu zilizokingwa huwa na alama ya IP na tarakimu mbili: ya kwanza, 0 hadi 6, ni kinga ya vumbi; ya pili ni kinga ya maji. Alama ya IP67, kwa mfano, ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa na kwamba simu yaweza kuvumilia kuzama kwa muda mfupi kwenye maji yenye kina cha mita moja. Simu nyingi za bei ya chini hazina alama hiyo. Kwa mtu wa machimboni, kifuniko kizuri cha mpira na kinga ya kioo si mapambo. Ni sehemu ya bei ya simu.

Gharama baada ya dukani

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Baada yake huja bando. Video ya ubora wa kadiri hupitisha biti milioni 1 hivi kwa sekunde, yaani megabaiti 7.5 kwa dakika. Gigabaiti moja, kwa hiyo, huisha kwa kutazama video muda wa saa mbili na robo hivi. Gigabaiti hiyo hiyo ingetosha kusoma maandishi kwa wiki kadhaa. Mwalimu anayetaka vitabu vya kiada vya maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania avipakue mara moja, kisha avisome bila bando.

Yapo pia mauzo ya mkopo, ambapo mnunuzi hulipa kidogo kidogo kila siku, na simu hujifunga akichelewa. Njia hii humsaidia asiye na fedha taslimu, lakini hesabu yake ifanywe yote. Tuseme simu huuzwa Sh. 200,000/= taslimu, au kwa mkopo wa Sh. 50,000/= za kuanzia na Sh. 1,200/= kila siku kwa siku 365. Malipo ya kila siku yatafikia Sh. 438,000/=, na jumla yote Sh. 488,000/=. Sh. 1,200/= yaonekana ndogo kama bei ya kikombe cha chai na chapati; mwisho wa mwaka mnunuzi amelipa bei ya simu mbili na kitu.

Hatari nyingine imo ndani ya simu yenyewe. Programu inapowekwa huomba ruhusa ya kusoma majina, picha na jumbe za mwenye simu. Baadhi ya programu za mikopo ziliitumia ruhusa hiyo kuwadhalilisha wadaiwa kwa kuwatumia ndugu na marafiki zao ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, humlinda mwananchi, lakini ulinzi wa kwanza ni kukataa ruhusa isiyohusiana na kazi ya programu. Programu ya tochi haina haja ya kusoma majina ya jamaa zako.

Dhahabu iliyomo mfukoni

Wakazi wa Geita na Kahama wana sababu ya pekee ya kuitazama simu kwa makini. Ndani yake mna dhahabu. Viunganishi vya umeme hupakwa dhahabu kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kiasi chake hukadiriwa kuwa gramu 0.03 kwa simu moja. Simu 6,000 zenye uzito wa gramu 167 hivi kila moja hufanya tani moja. Dhahabu yake ni gramu 180. Tani moja ya mawe ya mgodini kwa kawaida hutoa gramu chache tu. Mbali na dhahabu, mna tantalamu, ambayo hutokana na koltani ya mashariki ya Kongo. Mna bati, madini ambayo huchimbwa pia Kyerwa mkoani Kagera. Na katika betri mna kinywe, ambacho akiba zake zimo Mahenge na Ruangwa.

Hata hivyo, asitokee mtu akachoma simu mbovu au kuiosha kwa tindikali au zebaki akitafuta dhahabu hiyo. Moshi wa plastiki na vyuma vyake ni sumu, na kazi hiyo hutaka kiwanda chenye vifaa maalumu. Simu mbovu zikusanywe pamoja, zisitupwe shambani wala kisimani.

Hitimisho

Tukirejea kwenye mnyororo wetu, mpangilio wa maswali ya mnunuzi uwe huu. Kwanza, kijijini kwangu mna mtandao wa kizazi gani, na wa kampuni ipi? Pili, nitaichaji wapi na kwa gharama gani kwa mwezi? Tatu, kumbukumbu ya kazi inatosha? Nne, programu zake zitaendelea kutunzwa kwa muda gani? Baada ya hayo ndipo afikirie kamera, rangi na ukubwa wa kioo, mambo ambayo matangazo ya biashara huyaweka mbele.

Aidha, kununua simu janja hakumlazimu mtu kukitupa kitochi. Kutuma na kupokea fedha kwa menyu ya namba hakuhitaji intaneti, na kitochi hufanya kazi hiyo vizuri. Katika nyumba nyingi za Shinyanga mpango wa busara ni huu: laini ya fedha na ya dharura ibaki kwenye kitochi kinachodumu na chaji siku sita, na simu janja itumike kwa masomo, kazi na habari. Ambaye kijiji chake hakina ila 2G, na chaji yake ni ya kununua, hajapitwa na wakati akisubiri. Amepiga hesabu vizuri.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tafuta urefu wa wimbi la megahezi 700, kisha eleza kwa nini masafa hayo yanafaa kwa vijiji vilivyotawanyika.

2. Kwa idhini ya mzazi, chukua namba ya IMEI ya simu ya nyumbani na uipime kwa kanuni ya Luhn. Badilisha tarakimu moja yoyote, kisha uonyeshe jinsi kanuni inavyoligundua kosa hilo.

3. Familia ina paneli ya wati 20, simu janja moja na vitochi vinne. Kwa makadirio yaliyotumika katika makala hii, je, nishati ya siku moja itatosha kuzijaza zote?

4. Jadilini darasani: katika kijiji chenu, pete iliyo dhaifu kuliko zote ni ipi, na ingeimarishwa kwa njia gani?